Mazembe ikifungwa kocha anatoka. Na mwenye kuamua, nani anamuhukumu?

Kila mara TP Mazembe inapofungwa, hapa Likasi hukumu inatoka mbele ya usiku kuingia. Kikula, Panda, Shituru, sokoni na kwenye parking ya taxi-bus za Lubumbashi, maneno ni yale yale: kocha atoke. Mwingine anaongeza: na yule kipa pia. Ni wachache wanaofika kwenye swali la pili: nani alimuleta huyu kocha, nani alitia sahihi kwenye kontra ya yule muchezaji, na yeye anajibu kwa nani?

Msimu wa 2024–2025 ulirudisha swali hilo kwa nguvu. Katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika, Mazembe iliwekwa kundi moja na Al Hilal ya Sudan, MC Alger ya Aljeria na Young Africans ya Tanzania. Ikamaliza ya mwisho. Al Hilal, timu ambayo vita ilikuwa imeifukuza kwao na ambayo kocha wake alikuwa Mukongomani, Florent Ibenge, ndiyo iliyomaliza ya kwanza. Kwa wapenzi wa Likasi wanaopanda barabara ya kilometa karibu 120 ili kwenda kuona mupira Kamalondo, ilikuwa vigumu kumeza. Timu isiyokuwa hata na kiwanja cha kwao imepita, na sisi wenye kiwanja chetu tumebaki.

Kulaumu kocha ni rahisi, sababu tunamuona pembeni ya kiwanja dakika 90. Mwenye kuamua hatumuoni hivyo. Tumutazame yeye basi, kwa mambo yanayojulikana, si kwa hasira ya jioni moja.

Kazi yenyewe ni gani?

Katika michezo ya kulipwa, mbali na kocha, kuna mutu mwingine ambaye kazi yake ni kujenga timu. Anachagua wachezaji wa kununua na wa kuuza, anapanga mishahara, anachagua kocha na kumutosha ikihitajika, anafuata karatasi zote za kontra na za ruhusa ya kucheza. Kocha anapika, lakini huyu ndiye anayekwenda sokoni. Kama alileta mihogo yenye kuoza, usimupige mupishi peke yake.

Kule Amerika ya Kaskazini, katika hoki ya barafu, mutu huyo anaitwa meneja mkuu, na hukumu yake ni kali. Mfano ni timu ya Montréal, muji wa Canada ambako ndugu zetu wengi Wakongomani wanaishi. Meneja mkuu wake, Marc Bergevin, aliingia kazini mwaka wa 2012. Julai 2021 timu yake ilifika finali ya Kombe la Stanley na kushindwa na Tampa Bay. Tarehe 28 Novemba ya mwaka ule ule alifukuzwa. Kutoka finali hadi kufukuzwa haikupita hata miezi mitano, sababu msimu mupya ulianza vibaya na mwenye timu aliona kwamba ujenzi umekwama.

Mutu anaweza kusema ni ukatili. Lakini angalia jinsi kazi imepangwa. Kuna mwenye timu anayetoa feza. Kuna meneja anayeitumia. Wa kwanza anamuuliza wa pili: feza yangu umeifanya nini? Tena, tangu 2005 ligi ile imeweka kikomo cha mishahara kwa kila timu, kwa hiyo meneja mubaya hawezi kujificha nyuma ya mufuko wa tajiri wake. Wote wanapika na kiasi kimoja cha unga, na ugali ukiwa muteke kila mutu anajua mupishi ni nani.

Katika mupira wetu wa Katanga, mwenye kutoa feza na mwenye kuamua ni mutu mumoja. Ugumu wa kumuhukumu unaanzia hapo.

Kile Chairman alichofanya

Moïse Katumbi, ambaye wapenzi wanamuita Chairman, ni raisi wa Mazembe tangu 1997. Kijana aliyezaliwa Likasi mwaka ule leo ni mutu muzima mwenye watoto, na hajawahi kujua raisi mwingine wa timu hii.

Ili kupima kazi yake, lazima kukumbuka timu ilikuwa wapi. Ilianzishwa 1939 na mapadri wa Benedikto kule Élisabethville. Kisha ikabeba jina la Englebert, kampuni ya mipira ya magari. Ilichukua kombe la klabu bingwa za Afrika mara mbili kufuatana, 1967 na 1968, na ikafika finali tena 1969 na 1970. Mwaka wa 1980 ikapata Kombe la Washindi. Kisha hapo, kimya. Wazee walikuwa wanatuambia habari za Englebert sawa vile mutu anavyoelezea shamba lililouzwa zamani.

Chini ya Katumbi kimya kiliisha. Kombe la Ligi ya Mabingwa lilirudi Lubumbashi 2009, kisha miaka 41 ya kungojea. Likarudi tena 2010 na 2015. Kombe la Shirikisho likaja 2016 na 2017. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya Kombe la Dunia la klabu. Ilifungwa na Inter Milan 3-0, lakini jina la Lubumbashi lilikuwa limefika fasi ambako halikuwahi kufika. Na hiyo bila Trésor Mputu, muchezaji mukubwa wa timu, ambaye alikuwa amefungiwa mwaka muzima na FIFA juu ya fujo kwa mwamuzi katika muchezo wa Kigali.

Makombe yalitoka kwenye maamuzi matatu yenye kuonekana.

La kwanza, kulipa wachezaji vizuri ili wabaki. Wakati timu nyingi za Kongo zinauza kijana mara tu anapoanza kung'aa, Mazembe iliweza kushika kikosi kimoja miaka na miaka: Mputu, kipa Robert Kidiaba na wengine. Timu inayokaa pamoja inajuana bila kuongea.

La pili, kutafuta wachezaji nje. Mutanzania Mbwana Samatta alitoka Simba mwaka wa 2011. Mwaka wa 2015 alifunga mabao saba katika Ligi ya Mabingwa, akachaguliwa muchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza ndani ya bara, kisha akaenda Genk, Ubelgiji. Aliyemuona mapema alifanya kazi nzuri.

La tatu, kujenga. Kiwanja cha Kamalondo kilifunguliwa 2011, na kina fasi karibu 18.000. Mbele ya hapo timu ilikuwa inacheza kwenye kiwanja cha serikali, Kibassa Maliba. Kisha kikaja chuo cha vijana chenye jina la Katumbi. Makombe yanakaa ndani ya kabati. Kiwanja kinatumika kila juma, na hakuna kocha anayeweza kuondoka nacho.

Wanawake pia wanaingia katika hesabu. Novemba 2024, kule Morocco, Mazembe ya wanawake iliifunga AS FAR 1-0 na kuchukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Kocha wake alikuwa mama Lamia Boumehdi, Mumorocco. Miezi michache tu inatenganisha kombe hilo na aibu ya wanaume. Ofisi ni ile ile, jina ni lile lile. Anayesema kwamba kila kitu Mazembe kimeoza hajatazama pande zote mbili.

Makocha wanapita, ofisi inabaki

Sasa tuangalie upande wa pili. Mwaka wa 2009 kombe lililetwa na kocha Diego Garzitto. Mwaka wa 2010 haukuisha naye kazini. Musenegali Lamine N'Diaye ndiye aliyechukua timu na kuipeleka hadi Abu Dhabi. Mwaka wa 2015 kombe lililetwa na Mufaransa Patrice Carteron. Desemba ya mwaka ule timu ilifungwa 3-0 na Sanfrecce Hiroshima kule Japani, na Carteron akaenda zake. Mwaka wa 2016 Mufaransa mwingine, Hubert Velud, akaleta Kombe la Shirikisho. Mwanzo wa 2017 tayari kulikuwa mwingine, Thierry Froger. Machi, timu ikatolewa katika Ligi ya Mabingwa na CAPS United ya Zimbabwe, na Froger naye akaondoka. Aliyemaliza mwaka na kuleta kombe tena ni Pamphile Mihayo, muchezaji wa zamani wa timu hii, mutoto wa nyumba.

Ukisoma orodha hiyo kwa haraka, utasema: unaona, kubadilisha makocha kunaleta makombe. Ukisoma polepole, utaona kingine. Makocha sita wenye akili tofauti walipita ndani ya miaka minane, na watano kati yao walishinda. Maana yake nguvu haikuwa kwa kocha. Ilikuwa kwa kikosi, kwa mishahara yenye kufika kwa wakati, na kwa kiwanja. Kwa maneno mengine, nguvu ilikuwa kwa ofisi.

Na kama ni ofisi iliyoshinda, basi timu ikishindwa ni ofisi tena inayopashwa kuulizwa kwanza. Hatuwezi kusema 2010 ni ushindi wa Chairman na 2024 ni kosa la kocha. Hiyo si hesabu ya haki.

Karatasi moja, kombe zima

Kuna kosa moja ambalo halikufanywa na kocha wala muchezaji. Mwaka wa 2011 Mazembe ilikuwa bingwa mara mbili mufululizo na ilikuwa inatafuta kombe la tatu. Ikakutana na Simba ya Dar es Salaam na kuitosha. Kisha ikaitosha Wydad ya Casablanca. Lakini Simba ilikuwa imepeleka malalamiko CAF: beki Janvier Bokungu, aliyetoka Espérance ya Tunisia, hakuwa na haki ya kucheza, sababu ya mambo ya kontra yake na timu ile. CAF ikakubali na kuitosha Mazembe katika mashindano. Simba na Wydad zikapangiwa muchezo mumoja kule Cairo, na Wydad ikapita.

Tazama mambo yalivyo. Safari ile ya kukutana na Simba inaonyesha kazi ya ofisi pande zote mbili. Mwaka ule ule Mazembe ilimuchukua Samatta kutoka Simba, akili kubwa. Na mwaka ule ule ikapoteza kombe kwa malalamiko ya Simba, juu ya kontra ambayo haikufuatwa hadi mwisho. Wachezaji walikuwa wameshinda kwenye majani. Walipoteza kwenye karatasi.

Katika timu yenye mwenye feza na meneja, asubuhi ya siku ile swali lingekuwa: nani alihakikisha karatasi za Bokungu? Mutu angejibu, na pengine angepoteza kazi. Kwetu, hasira ilielekea CAF, ikaelekea Simba, ikaelekea Tunis. Wapenzi wengi hadi leo wanasema tulionewa. Inawezekana sheria ilikuwa kali. Lakini kuonewa hakuondoe swali la nani alikuwa na kazi ya kuangalia.

Miaka ya karibuni

Tangu kombe la 2017, Mazembe ya wanaume haijachukua kombe lingine la Afrika. Si kwamba imelala. 2019 ilifika nusu-finali ya Ligi ya Mabingwa na kutolewa na Espérance kwa bao moja. 2022 ilifika nusu-finali ya Kombe la Shirikisho, ikaifunga RS Berkane 1-0 hapa, ikafungwa 4-1 kule. 2024 ilifika tena nusu-finali ya Ligi ya Mabingwa na N'Diaye aliyekuwa amerudi, ikafungwa na Al Ahly ya Misri 3-0 katika muchezo wa pili. Mwaka ule ule ikawa bingwa wa Kongo.

Lakini kati ya miaka hiyo mizuri kuna mashimo. Oktoba 2022 Vipers ya Uganda iliitosha Mazembe katika Ligi ya Mabingwa kwa penalti, palepale Kamalondo. Kisha, katika Kombe la Shirikisho, Yanga ikaifunga Mazembe nyumbani na ugenini. Miaka kumi mbele ya hapo, timu za Uganda na Tanzania zilikuwa zinakuja Lubumbashi kuomba Mungu zisifungwe mabao mengi.

Nini kimebadilika? Kwa sehemu, wengine wamepanda. Yanga na Simba zimepata wawekezaji na zinalipa mishahara ambayo zamani ni Mazembe peke yake iliyoweza katika eneo hili. Muchezaji muzuri wa Kinshasa, Lusaka ao Ouagadougou leo anaweza kuchagua Dar es Salaam. Kwa sehemu, ligi yetu yenyewe imeregea: msimu wa 2022–2023 Linafoot haikufika mwisho na hakukuwa bingwa. Timu isiyocheza michezo migumu nyumbani inakwenda Afrika na miguu mizito. Kosa hilo si la Mazembe peke yake.

Lakini kwa sehemu ni maamuzi. Timu iliyokuwa inashika wachezaji miaka saba ao minane sasa inaonekana mupya kila msimu. Mupenzi wa Likasi aliyekuwa anaweza kutaja wachezaji 11 kwa moyo, leo anaomba kwanza mutangazaji amusomee.

Wenzetu wa Dar es Salaam wanafanyaje?

Si lazima kwenda hadi Montréal ili kuona namna nyingine. Simba, katika mpango wake wa mabadiliko, iliamua kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji, Mohammed Dewji, apate 49. Timu ikaweka mutendaji mukuu wa kulipwa. Kuanzia 2020 alikuwa dada Barbara Gonzalez, na Desemba 2022 alitangaza kwamba anaacha kazi. Watu walimusifu, watu walimulaumu, lakini walijua jina lake na kazi yake. Yanga nayo ilipiga kura Julai 2022, na wanachama wakamuchagua injinia Hersi Said kuwa raisi. Akiharibu, kuna siku ya kura.

Namna hiyo haina upole. Kule Dar kelele za wanachama zinaweza kupindua timu katikati ya msimu, na mwekezaji anaweza kusukuma kila mutu pembeni. Mazembe, kwa utulivu wake wa raisi mumoja, ilishinda makombe matano ya Afrika wakati Simba na Yanga zilikuwa zinagombana ndani. Utulivu una bei yake na faida yake.

Tofauti ni moja tu. Kule mupenzi akikasirika ana mulango wa kugonga. Hapa anapigia redio simu.

Siasa inaingia kiwanjani

Kuna sababu nyingine inayofanya hukumu kuwa ngumu. Chairman si raisi wa timu tu. Alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, mwaka jimbo lilipogawanywa mara nne. Alikaa nje ya inchi tangu 2016 hadi Mei 2019. Desemba 2023 aligombea uraisi wa jamhuri. Upande wa pili wa Lubumbashi, Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, imeongozwa na Jacques Kyabula akiwa gavana wa Haut-Katanga. Kwa hiyo siku ya derby mutu hajui kama anatazama mupira ao kampeni.

Matokeo yake tunayaona hapa Likasi. Mutu akisema muchezaji fulani alinunuliwa vibaya, anaulizwa mara moja: wewe uko wa kambi gani? Akisema kiwanja cha Kamalondo ni kazi nzuri, anaambiwa amelipwa. Wote wawili walikuwa wanazungumzia mupira. Mahali ambapo kila lawama ni uadui na kila sifa ni uanachama, kosa halisahihishwe, sababu hakuna anayeweza kulitaja bila kuogopa.

Miaka ya nje ya inchi, hata hivyo, inatufundisha jambo. Chairman alikuwa mbali, na timu ikachukua Kombe la Shirikisho mara mbili. Kwa hiyo kuna watu ndani ya Mazembe wanaojua kazi, na nyumba haianguke mwenye nyumba akisafiri. Wapenzi wanapashwa kulikumbuka wakati wanaambiwa kwamba bila mutu mumoja hakuna kitu.

Likasi inajua habari ya baba mumoja

Lakini kusafiri si kuacha kulipa. Na hapo watu wa Likasi wana haki ya kuogopa kuliko wengine, sababu sisi tumekwisha kuona.

Wazee wetu walisema kampuni ni baba na mama. Union Minière, kisha Gécamines, ilitoa kazi, nyumba, unga, hospitali, masomo na michezo. Muji huu ulijengwa juu ya kampuni moja. Mwaka wa 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka. Uzalishaji wa shaba uliokuwa unapita tani 400.000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ukashuka chini ya tani 50.000 ndani ya muda mufupi. 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, wengi na malipo ambayo hayakufika mbali. Baba alipougua, hakuna aliyejua mtoto mukubwa ni nani.

Mazembe imejengwa kwa feza ya mutu aliyefanya biashara ya migodi. Kampuni yake ya Mining Company Katanga iliuzwa mwaka wa 2015. Mutu ni mutu: anaweza kuchoka, anaweza kuchagua siasa peke yake, anaweza kugonjwa, kama sisi wote. Siku hiyo nani atalipa kocha? Nani atalipa kijana wa Kikula aliyeingia chuo cha mupira na miaka 13? Nani atalipa mama anayefua jezi?

Swali hilo linagusa pia timu za kwetu. Panda B52, timu ya Likasi iliyokwisha kucheza Linafoot, haina tajiri wa kiasi hicho. Timu kama hiyo ikipata musaada, inapanda. Musaada ukichoka, inashuka. Mulango wa kutokea ni ule ule: kujua nani anaamua, feza inatoka wapi, na nani anafuata.

Basi, hukumu ni ipi?

Tukimupima Chairman kwa makombe na kwa majengo, hakuna kiongozi wa mupira katika Kongo ya miaka hii 30 anayemufikia. Anayekataa hilo hana hesabu. Tukimupima kwa namna ya kuchagua makocha, jibu ni nusu: wengi walikuwa wazuri, lakini hawakupewa muda, na kila mara timu ilipaswa kujifunza upya. Tukimupima kwa karatasi, kosa la 2011 linabaki kubwa, na ni la ofisi. Tukimupima kwa miaka ya tangu 2017, kazi ni ya wastani: nusu-finali tatu, hakuna kombe la Afrika kwa wanaume, moja kwa wanawake.

Kwa meneja wa kulipwa wa Montréal, miaka hiyo ya mwisho ingetosha kumuondoa. Kwa Mazembe haiwezekane, na pengine haifae, sababu anayemutosha mwenye kulipa anapashwa kuja na mulipaji mwingine mukononi. Kelele ya "Chairman atoke" bila jina la pili ni sawa na kubomoa nyumba katikati ya mvua.

Kinachowezekana ni kidogo zaidi, na kina faida zaidi. Mazembe inaweza kuweka mutu mumoja mwenye jina, anayejulikana na wapenzi, ambaye kazi yake ni kununua wachezaji na kuchagua kocha, na ambaye Chairman mwenyewe anaweza kumuuliza na kumutosha. Inaweza kusema waziwazi, mwisho wa kila msimu, nani aliingia, nani alitoka, na juu ya nini. Na inaweza kutuambia, wakati mwenye timu angali na nguvu, nani anafuata.

Wapenzi nao wana kazi yao. Mara nyingine timu ikifungwa, mbele ya kusema kocha atoke, tuulize mambo matatu: nani alimuchagua, alipewa wachezaji gani, na alipewa muda gani? Majibu yakionyesha kwamba kosa ni la kocha, sawa, aende. Lakini yakionyesha kwamba ni makocha watatu sasa wameanguka kwenye shimo moja, basi tuache kulaumu miguu yao. Tuangalie nani alichimba shimo, na kama yuko tayari kulifukia.